Deki mpya, diski za zamani

Kila mwaka, alizeti inapokwisha kuuzwa na malori ya mahindi yanapoanza kupungua katika soko la Kibaigwa, maduka ya vyombo vya umeme mjini Dodoma hupata wateja wa aina ya pekee. Hao ni wakulima kutoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino, Kondoa na hata Manyoni, watu ambao fedha hufika mikononi mwao mara moja kwa mwaka, au mara mbili kwa wale waliobahatika kuwa na shamba la zabibu. Huja mjini kununua mabati, sare za shule na dawa za mifugo. Na baada ya hayo yote, kama kimebaki kitu, hununua chombo cha kuifurahisha nyumba. Zamani chombo hicho kilikuwa redio. Siku hizi ni runinga, na kando ya runinga, deki ya kuchezea diski.

Katika msimu huu tulitembelewa ofisini na mama mmoja kutoka wilaya ya Kongwa. Alikuwa amebeba diski 11 zilizofungwa ndani ya kipande cha kanga. Miongoni mwake zilikuwamo diski mbili za harusi ya binti yake wa kwanza, moja ya kwaya ya kanisa lao, na moja ya maziko ya mumewe. Deki yake ya zamani ilikufa, akaja mjini kutafuta nyingine. Katika duka aliloingia aliambiwa kwamba DVD zimekwisha kupitwa na wakati, na kwamba mtu mwenye akili hununua deki ya Blu-ray, yenye picha ang'avu, ili asije akarudi tena dukani baada ya mwaka. Alilipa fedha ambazo zingemnunulia mbuzi kadhaa. Alipofika nyumbani akakuta deki ile ina tundu moja tu la kupeleka picha, lile bapa la HDMI, hali runinga yake ya chogo ina matundu matatu ya mviringo, moja la njano, moja jeupe na moja jekundu. Akaipeleka kwa jirani mwenye runinga bapa. Huko diski ya maziko ilicheza. Diski za harusi, ambazo ni za aina ya VCD, zikakataa. Aliporudi dukani alionyeshwa maandishi ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba gazeti la mkoa lingefaa kuzungumzia maji, barabara na bei ya mbolea. Hayo tunayazungumzia karibu kila wiki, na tutaendelea. Lakini fedha ya mavuno ni moja. Ile inayonunua mbolea ndiyo inayonunua deki, na ikishapotea hairudi mpaka mvua ya mwaka ujao, nayo mvua ya nchi hii yetu ya kati haina ahadi. Tena yaliyomo katika ile kanga si maigizo ya kupitishia jioni. Mama yule hana picha nyingine ya mumewe inayotembea na kusema.

Historia ya deki katika nchi yetu ina jambo lisilo la kawaida. Tanzania Bara ilikaa bila kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970, tena cha rangi. Kwa hiyo huku Bara deki ilitangulia matangazo. Bajeti ya mwaka 1984 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, runinga zilianza kuonekana katika nyumba za wachache, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuonyesha mikanda ya video. Ndiyo maana mpaka leo mzee wa Dodoma anaweza kulitamka neno deki kwa wepesi kuliko neno antena.

Mikanda hiyo nayo ilikuwa na vita vyake. Kampuni ya Sony ya Japani ilitoa mfumo wa Betamax mwaka 1975, na kampuni ya JVC, ya Japani pia, ikatoa mfumo wa VHS mwaka uliofuata. Wengi wenye kujua mambo ya ufundi walishikilia kwamba picha ya Betamax ilikuwa bora. Ushindi ulikwenda kwa VHS, kwa sababu mkanda wake ulichukua muda mrefu zaidi, na kwa sababu viwanda vingi viliruhusiwa kuutumia mfumo huo katika deki zao. Mwaka 1988 Sony yenyewe ilianza kutengeneza deki za VHS. Aliyekuwa na Betamax nyumbani alibaki na sanduku zuri la kuwekea kitambaa juu yake.

Baadaye zikaja diski. VCD, iliyobuniwa mwaka 1993, haikupata nguvu Ulaya wala Marekani. Iliteka Asia, na kutoka Asia ikaja kwetu, kwa kuwa ilikuwa nafuu kuinakili. Diski moja ya VCD huchukua kiasi cha dakika 74 hadi 80. Kwa sababu hiyo filamu moja ya Nigeria au ya hapa nyumbani iliuzwa ikiwa diski mbili, na watazamaji wa kibanda umiza walipata nafasi ya kutoka nje kununua karanga wakati mwenye kibanda akibadili diski. DVD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, nayo ilipopungua bei ikaingia hata vijijini. Zama hizo ndizo zilizozijaza nyumba zetu. Filamu za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, zimo katika makabati ya watu waliokuwa hawajawahi kufika Dar es Salaam. Mwaka 2013 Serikali ilianzisha stempu za kodi za kubandikwa kwenye diski za filamu na muziki, jambo ambalo peke yake linaonyesha jinsi biashara hiyo ilivyokuwa imekua. Nazo harusi, vipaimara, mahafali na mazishi vikapigwa picha na vijana wa studio za mitaani, wakavichoma kwenye diski, wakawakabidhi wenyewe. Ngoma ya muheme ya akina mama wa Kigogo, zeze za wazee, kwaya za vijiji ambavyo havimo katika ramani nyingi, vyote hivyo vimo humo.

Hayo ndiyo yaliyokuwapo majumbani wakati wakubwa wa dunia walipoanza kugombania diski ya picha ang'avu. Mwaka 2006 Toshiba ilitoa mfumo ulioitwa HD DVD, na katika mwaka huo huo Sony na washirika wake wakatoa Blu-ray. Mifumo yote miwili ilisomwa kwa mwanga wa leza wa rangi ya buluu, ulio mwembamba kuliko ule mwekundu wa DVD, na kwa hiyo uliweza kusoma alama ndogo zaidi. DVD ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, HD DVD ilibeba 15, na Blu-ray 25, katika tabaka moja. Hata hivyo deki ya mfumo mmoja haikuisoma diski ya mwingine. Wenye studio za filamu za Marekani wakagawanyika, wengine huku, wengine kule.

Tunaomba msomaji atuvumilie tukisimulia mwisho wa vita hivyo, kwa maana una mafunzo kwa mnunuzi yeyote mwenye fedha kidogo. Mwezi Novemba 2007 maduka makubwa ya Marekani yaliteremsha bei ya deki ya HD DVD hadi chini ya dola 100. Watu wakapanga foleni. Walikuwa ni watu wa kawaida, waliongoja kwa subira mpaka bei ikawa ya kwao. Mwanzoni mwa Januari 2008 studio ya Warner ilitangaza kwamba itaiacha HD DVD, na tarehe 19 Februari 2008 Toshiba ikatangaza kuacha kuzitengeneza deki hizo. Kutoka siku ya foleni hadi siku ya kifo haikutimia hata miezi minne. Bei ile nafuu ilikuwa ni ya kitu kinachokaribia kufa, na aliyekuwa akiuza alikuwa na habari nyingi kuliko aliyekuwa akinunua.

Wakazi wa Dodoma hata hivyo hawahitaji mfano wa Marekani. Usiku wa tarehe 31 Januari 2013, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam na siku moja na Tanga, mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa katika mji wetu. Uamuzi wenyewe ulikuwa na msingi: mataifa yalikuwa yamekubaliana mjini Geneva mwaka 2006 kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 matangazo yawe yamehamia mfumo wa dijitali, na Tanzania ikaamua kutangulia badala ya kungoja siku ya mwisho. Hatukupinga wakati ule, wala hatupingi sasa. Ila ving'amuzi vilivyouzwa kwa haraka ile vilikuwa kila kimoja cha kampuni yake. King'amuzi cha kampuni hii hakikufungua matangazo ya kampuni ile, na aliyetaka kuhama alilazimika kununua chombo kingine kizima. Halafu mwaka 2018 mamlaka ya mawasiliano ikawazuia wenye ving'amuzi vya kulipia vya dishi wasionyeshe vituo vya bure vya nyumbani, kwa kuwa leseni zao hazikuwaruhusu. Sheria ilikuwa upande wa mamlaka. Lakini nyumba nyingi zilijikuta zina king'amuzi kinachoonyesha mpira wa Ulaya na kisichoonyesha vituo kadhaa vya nchi yao wenyewe, na zile zilizoweza zikaweka viwili juu ya runinga moja. Vumbi la ving'amuzi vya mwaka 2013 bado limo katika stoo za Majengo na Chang'ombe.

Basi turudi kwenye deki. Neno linalotumika kuwauzia wananchi mashine za bei kubwa ni hili la picha ang'avu, na yafaa lielezwe jinsi lilivyo. Picha ya runinga ni mistari. VCD ina mistari 288 kutoka juu hadi chini, DVD ya mfumo unaotumika kwetu ina 576, na Blu-ray ina 1080. Deki ikiwa nzuri kiasi gani, haiwezi kuitia ndani ya diski mistari ambayo mpiga picha hakuiweka. Inaweza kuinyoosha na kuilainisha ile iliyopo ili ijaze kioo kikubwa, na kunyoosha huko hufanywa hata na deki za DVD za bei ya chini. Ndiyo maana utaona limeandikwa 1080 kwenye boksi la mashine ambayo haijui kabisa Blu-ray ni nini. Harusi iliyopigwa kwa mistari 288 itabaki harusi ya mistari 288. Kwa hiyo anayenunua deki ya picha ang'avu bila kuwa na diski za picha ang'avu amenunua jembe la trekta hali hana trekta. Na ni nani Dodoma aliyewahi kuona diski za Blu-ray zikipangwa barazani sokoni Sabasaba? Tumetembea huko sana. Hatujaziona.

Kuna jambo la pili, ambalo wauzaji wengi wenyewe hawalijui. Wenye filamu waliogopa kunakiliwa, wakaweka masharti katika leseni za kutengeneza deki za Blu-ray, kwamba zile zitakazotengenezwa baada ya tarehe 31 Desemba 2013 zisiwe na njia ya zamani ya kupitisha picha. Hayo matundu matatu ya rangi ambayo mama wa Kongwa aliyatafuta nyuma ya mashine yake hayakusahauliwa na kiwanda. Yaliondolewa kwa makusudi, na watu waliokuwa wakimfikiria mwizi wa filamu, si mjane mwenye runinga ya chogo. Kuhusu VCD, leseni ya Blu-ray haimlazimishi mtengenezaji kuisoma. Zipo deki zinazoisoma na zipo zisizoisoma, na mara nyingi hujui mpaka uijaribu.

La tatu ni namba za maeneo. Wenye filamu waliigawa dunia vipande, ili diski inayouzwa kipande kimoja isichezwe katika kingine. Kwa DVD, sisi Tanzania tumo katika eneo la 5 pamoja na India. Ulaya, Japani na nchi za Ghuba zimo katika la 2. Marekani katika la 1. Kwa Blu-ray mgawanyo ni mwingine: Afrika yote, Ulaya na Mashariki ya Kati ni eneo B, India ikapelekwa C, Marekani na Japani A. Kwa hiyo shemeji anayerudi kutoka Muscat au Dubai na deki nzuri ya zawadi anaweza kukuta haizisomi filamu halali za Kihindi alizonunua hapa kwetu. Diski za harusi zilizochomwa mitaani hazina namba hizo, na hiyo ni rehema. Tena mashine iliyoletwa kutoka Japani kama mtumba huenda inataka umeme wa volti 100. Mwenye kuichomeka moja kwa moja katika ukuta wenye volti 230 ataisikia harufu yake kabla ya kuiona picha.

Sasa yapo mawazo, nayo yana nguvu, kwamba ugomvi huu wote umekwisha kwa sababu diski yenyewe inakufa. Samsung iliacha kutoa deki mpya za Blu-ray kwa soko la Marekani mwaka 2019. Netflix, iliyoanza kama biashara ya kupeleka DVD kwa posta, iliifunga kazi hiyo Septemba 2023. Sony iliacha kutengeneza diski tupu za Blu-ray za kurekodia Februari 2025. Hapa mjini kijana wa Chuo Kikuu hatazami filamu kwenye diski. Anaitazama kwenye simu, au anapeleka fleshi yake kwa kijana mwenye kompyuta pembezoni mwa stendi, akaingiziwa filamu kumi kwa bei ya soda chache. Haya yote ni kweli. Lakini kufa kwa kiwanda hakufuti kilichomo katika kanga ya mtu. Kwa mwenye diski 11 za maisha yake, kufa kwa kiwanda kunamaanisha kwamba deki anayonunua sasa huenda ikawa ya mwisho atakayoipata kwa urahisi, na kwa hiyo aichague kwa makini kuliko wakati wowote uliopita.

Sisi tunaona hivi. Mwenye VCD na DVD nyumbani anunue deki ya DVD ya kawaida, ile inayoandika waziwazi kwamba inasoma VCD, yenye matundu matatu ya rangi kwa runinga aliyonayo na tundu la HDMI kwa runinga atakayoipata, na yenye mahali pa kuchomeka fleshi. Mashine ya namna hiyo ni nafuu mara kadhaa kuliko ya Blu-ray. Hutumia umeme mdogo, kiasi cha wati 10 hadi 15, hivyo hata mwenye sola ya wastani na kigeuzi cha umeme anaimudu. Fundi wa mtaani anaifahamu, na lensi yake ya leza hupatikana. Jambo la lensi si dogo katika mji huu. Upepo wa Julai na Agosti hupenyeza vumbi kila mahali, na deki nyingi tunazoambiwa zimekufa zina uchafu tu katika jicho. Afadhali basi chombo ambacho fundi hathubutu kukufungulia kisiwe chako. Deki ifunikwe kitambaa inapozimwa, ikae mbali na dirisha, na ipitie stebilaiza, kwani umeme wetu ukikatika hurudi kwa kishindo.

Blu-ray haina ubaya kwa mwenye runinga bapa kubwa, mwenye jamaa nje wanaomletea diski za eneo B, na mwenye fedha isiyotoka kwenye gunia. Watu hao wapo Dodoma, na wameongezeka tangu Serikali ilipohamia hapa kwa vitendo mwaka 2016. Wao nao wakumbuke kwamba tangu mwaka 2016 kuna diski nyingine ya Blu-ray ya mistari 2160, ambayo deki za Blu-ray za awali haziisomi. Hatuwafundishi namna ya kutumia mishahara yao.

Lakini si haki mzigo wote wa ujuzi huu kuwekwa kichwani mwa mnunuzi. Mkulima hauzi zabibu zake bila mnunuzi kuzionja. Kwa nini yeye auziwe boksi lililofungwa kwa plasta? Tunayaomba maduka ya mji huu, na tunajua yapo mengi yenye waungwana, yakubali desturi moja: mteja aje na diski yake, ichezwe mbele yake, kwenye runinga ya aina aliyonayo nyumbani, ndipo fedha itoke mfukoni. Hakuna gharama hapo isipokuwa dakika tano na runinga moja ya chogo iliyowekwa kwenye pembe ya duka.

Kwa Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani ombi letu ni kubwa kidogo. Vyombo vya umeme vinavyoingia nchini hukaguliwa kama vinaua kwa moto au kwa mshtuko, na hilo ni jema. Visiachwe bila maelezo ya Kiswahili, juu ya boksi na si ndani yake, yanayosema chombo kinasoma diski za aina gani, kina matundu gani, kinataka volti ngapi na ni cha eneo lipi. Maelezo hayo yanatosha katika mistari minne. Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inatambua kwamba bidhaa anayouziwa mlaji yapasa ifae kwa kazi aliyomweleza muuzaji. Mama wa Kongwa alieleza kazi yake: alisema ana diski za zamani na runinga ya zamani. Maandishi ya ukutani hayana uwezo wa kuifuta sheria ya nchi, na Tume ingefanya vema kuyapitia maduka ya mikoani na kuyabandua.

Liko jambo jingine ambalo halihitaji sheria. Diski zilizochomwa huhifadhi picha katika tabaka la rangi linalodhurika kwa joto na jua, na nyumba zetu za bati zina joto la kutosha. Diski ya harusi ya mwaka 2006 ambayo leo inarukaruka huenda mwaka kesho isisomeke na deki yoyote, iwe ya elfu hamsini au ya milioni. Fleshi moja ya gigabaiti 16 inachukua DVD tatu zilizojaa, na VCD nyingi zaidi. Tunapendekeza Maktaba ya Mkoa, ikisaidiwa na vijana wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dodoma, iwe na meza moja yenye deki nzuri na kompyuta, ambapo mwananchi atafika na diski zake na kuondoka na nakala, na ambapo, akiridhia mwenyewe, nakala ya ngoma au ya kwaya itabaki maktaba. Chuo kina wanafunzi wa kutosha wanaotafuta mahali pa kufanyia mazoezi ya kazi. Halmashauri nazo zina vifungu vya utamaduni katika bajeti zao, ambavyo mara nyingi huishia kwenye fulana za siku ya maadhimisho.

Mama yule tulimpeleka kwa fundi mmoja wa Majengo mwenye deki ya VCD ya miaka mingi, iliyofunguliwa kifuniko na kuwekewa feni ya kompyuta juu yake. Diski ya kwanza ya harusi ilisomwa yote na kunakiliwa. Ya pili ilikwama baada ya dakika 31, pale bibi harusi anapoingia ukumbini, na fundi ameomba aachiwe kwa wiki moja. Deki ya Blu-ray bado imo ndani ya boksi lake, haina hata mkwaruzo. Mwenye duka, kama anaisoma safu hii, afahamu kwamba risiti ipo, na kwamba mteja wake atakuwa mjini tena Jumamosi, siku ya mnada wa Msalato.